Hofu na Hamu

Kokushubila Rwegasira aliingia karakana ya Mhandisi Tusekile bila kubisha hodi, akaufunga mlango kwa mgongo, akasema, "Mama, nitolee kitu hiki."

Alikuwa ameshika shingo yake. Chini ya vidole, Ushanga ulikuwa unang'aa mweupe, kama ulivyong'aa kwenye shingo ya kila mtu aliyefanya kazi katika Kampuni ya Wingu Jema, kuanzia mkurugenzi hadi mfagizi.

"Nikikutolea hutaruhusiwa kupita getini," Tusekile akasema. "Keti kwanza. Kuna nini?"

"Wamenihamisha. Kuanzia kesho niko masjala. Mimi, Mama! Mimi niliyewapelekea mvua watu wa Kondoa mahindi yakiwa yameshaanza kujikunja. Wanasema nina uhusiano na Meneja Ndahani."

Tusekile alimjua binti huyu kwa sifa. Kule juu, kwenye chumba cha anga, vijana walikaa mbele ya vioo wakiongoza tai, zile ndege zisizo na rubani zilizopaa juu ya nyanda kavu za Dodoma kunyunyizia chumvi mawinguni. Wenyewe walijiita wachungaji. Koku alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Wingu ambalo mwenzake angelitawanya kwa pupa, yeye alilizunguka polepole, akalibembeleza, mpaka likashusha mvua.

"Na huna uhusiano naye?"

"Sina."

"Basi peleka malalamiko."

"Nimepeleka. Yamerudi siku hiyohiyo. Eti Ushanga wangu na wake zilikuwa kijani, zote mbili, kwa hiyo tumekubaliana." Alimtazama Tusekile machoni. "Mama, mimi nilimwambia hapana. Nilimwambia kwa mdomo huu."

Ushanga ulikuwa kazi ya mikono ya Tusekile. Aliubuni akiwa bado na nywele nyeusi, baada ya kuchoka kuwaona mabinti wenye akili wakiacha kazi kimyakimya, mmoja mmoja, na kila mtu akijua sababu asiitaje. Ulisoma mapigo ya moyo, jasho, pumzi na joto la ngozi. Mtu akikusogelea nawe hutaki, Ushanga wako uligeuka mwekundu, na palepale wa yule mwingine ulimfinya. Akiendelea ulimfinya zaidi, kisha ukamripoti. Hakuna aliyehitaji kupiga kelele wala kutafuta shahidi. Katika mwaka wa kwanza tu, watu walianza kusema kwamba Wingu Jema ni mahali ambapo unaweza kumpeleka binti yako akafanye kazi.

Baadaye uongozi uliongeza kifungu cha maelewano. Mapenzi ya kazini hayakuanza leo, walisema, afadhali yawe mezani kuliko uvunguni. Ushanga wa wawili ukiwa kijani kwa pamoja, hilo lilihesabiwa kuwa ridhaa. Wawili waliandikishwa, na kama mmoja ni bosi wa mwenzake, yule mdogo alihamishwa idara ili pasiwe na upendeleo. Kwa Tusekile kifungu kile kilikuwa cha haki, na alikitetea mbele ya watu.

"Fumba macho," akamwambia Koku sasa. "Nieleze ilivyokuwa. Taratibu tu."

Koku akafumba macho. Akaeleza kwamba alikuwa peke yake zamu ya mchana, tai wako juu ya Mpwapwa, Meneja akaja kusimama nyuma ya kiti chake. Alimsifu. Aliweka mkono begani. "Nikakauka, Mama. Nilitaka kuinuka, miguu ikakataa. Nikawaza, huyu ndiye anayeandika ripoti yangu ya mwaka, nikimkwaza itakuwaje? Nikatabasamu. Sijui kwa nini nilitabasamu. Akaniinamia akanibusu hapa." Akagusa pembeni ya mdomo. "Nikasema, Meneja, naomba uniache. Akacheka kwa upole, akanionyesha shingo yangu kwenye kioo. Akasema, mdomo unaogopa watu, Koku, lakini mwili hauongopi."

Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni. Na shingoni, chini ya uso ule uliolowa, Ushanga ulikuwa umegeuka rangi.

"Umekuwaje?" Koku akauliza akiwa bado amefumba macho. Mtu hawezi kuuona ulio shingoni mwake.

"Kijani," Tusekile akasema.

Akaielewa kasoro palepale, na alipoielewa alishangaa kwamba hakuwahi kuiwaza. Alipokuwa akiufundisha Ushanga kusoma miili, aliwapima wanandoa na wachumba, halafu akawapima watu waliokutanishwa na wageni wakorofi. Mtu anayemwogopa mgeni huruka. Pumzi hukatika, misuli hujiandaa kukimbia, na hapo Ushanga huwa mwekundu. Lakini anayemwogopa mtu aliyeshika riziki yake hakimbii. Hutulia kama sungura. Huzuia pumzi, damu humpanda usoni, huku akilazimisha tabasamu ili mkubwa asikasirike. Kwa hesabu za Ushanga, huyo alikuwa msichana mwenye haya mbele ya mpenzi wake. Tusekile hakuwahi kumpima mtu asiye na pa kukimbilia.

"Nimekuamini," akasema.

Koku akafumbua macho, akajifuta kwa kiganja. "Umeniamini sasa, baada ya kunipima?"

Tusekile akainamia vifaa vyake mezani.

"Na siko peke yangu," Koku akaongeza akiinuka. "Muulize Felista wa ofisi ya wanasheria. Wiki iliyopita wameagiza ahamie uhasibu, wanasema ana uchumba na mkubwa wake. Tangu hapo haongei na mtu."

* * *

Tusekile alimkuta Felista ukumbini, amebeba kikombe, kalenda na mmea mdogo kwenye kopo, akielekea idara yake mpya. Akamsalimia, akamsogeza kando, akamuuliza kwa sauti ya chini kama yale ya uchumba ni kweli.

Felista akatabasamu. "Mimi sina neno, Mama."

"Binti yangu, mimi si wa utawala. Niambie tu."

"Sina neno kabisa." Lile tabasamu halikuondoka. Mlango wa ofisi ya wanasheria ulikuwa wazi nyuma yao, na mtu fulani ndani alikuwa anakohoa. Shingoni mwa Felista kijani kilikuwa kimetulia, kizuri kama jani la mzabibu.

Tusekile akabaki amesimama. Yeye aliyekitengeneza kitu kile hakuweza kusema kama binti aliyekuwa mbele yake anapenda au anaogopa. Hakuna aliyeweza.

* * *

Bi Stamili Ngaweje, mkurugenzi, alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Walikuwa wamezeeka pamoja kazini, na wakiwa wawili tu hawakuitana vyeo. Stamili ndiye aliyepigania Ushanga ununuliwe wakati wakuu wengine wote waliucheka.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna. Koku anajua uligeuka kijani, lakini hajui sababu."

Stamili aliinuka akaenda dirishani. Nje upepo ulikuwa unabeba vumbi jekundu, kama kila siku ya mwezi huo, na juu yake tai watatu walikuwa wanarudi bila kitu.

"Unamkumbuka Malekela wa stoo?"

"Nitamsahauje?"

"Wafagizi walikuwa wanaingia stoo wawiliwawili kwa sababu yake. Miaka mingapi? Mashahidi hawakupatikana kamwe, maana alichagua saa na mahali. Ushanga ukamkamata mara tatu ndani ya mwezi mmoja, nikamfukuza. Kuna wengine kama yeye wamebaki humu, Tuse, unawaona wanavyotembea na mikono mifukoni. Hawajaokoka. Wanaogopa kufinywa." Akageuka. "Kesho nitaitisha kikao kuhusu malalamiko ya Koku. Ukisimama pale ukasema Ushanga hautofautishi hofu na hamu, unadhani nani atafurahi zaidi? Koku?"

"Kwa hiyo ninyamaze?"

"Sijasema unyamaze. Sema wa Koku ulikuwa mbovu. Ule mmoja. Hitilafu ya kiwandani. Neno lako halitapingwa, wewe ndiye fundi wake. Ndahani ataadhibiwa, Koku atarudi chumba cha anga, na wewe utaketi na vijana wako mrekebishe kimyakimya."

"Kurekebisha kunataka nipime watu wenye hofu ya kweli. Nitawatoa wapi? Nimwambie nani, njoo utishwe na bosi wako nikupime?"

"Basi itachukua muda."

"Na ndani ya huo muda, akina Felista?"

Stamili alirudi kuketi. Ghafla alionekana amechoka sana. "Nikiwa na umri wa Koku, kulikuwa na chumba cha mafaili. Unajua habari hiyo, sitairudia. Siku ile ningekuwa na kitu cha kumfinya mtu yule, hata kama kinakosea mara moja kati ya kumi, ningekibusu. Usiniulize kuhusu akina Felista kana kwamba siwaoni. Ninawahesabu pamoja na wale ambao, kwa sababu ya Ushanga, hawajaguswa."

Tusekile alitoka mle bila kuahidi lolote.

* * *

Ndahani mwenyewe alimfuata kantini jioni, sahani ikiwa haijaguswa mkononi mwake. Alikuwa mjane mpole mwenye mvi za mapema, mtu aliyewapelekea wachungaji wake karanga zamu zikiwa ndefu.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba."

"Nimesikia Koku amekuja kwako." Akaketi. "Mama, mimi si mtu wa vile. Tangu mke wangu afariki sijamgusa mwanamke. Nilipomwekea Koku mkono begani nilisubiri kufinywa. Kweli nilisubiri. Haukunifinya. Nikaangalia kioo nikaona kijani. Ungenifinya ningetoka mle chumbani na kumwomba radhi."

"Alikuambia umwache."

"Aliniambia."

"Sasa?"

Ndahani alimtazama kwa mshangao usio na ujanja. "Mama, si wewe uliyetufundisha? Kwenye semina. Ulisimama mbele yetu mameneja ukasema, mdomo wa mdogo mbele ya mkubwa hauna uhuru, msiusikilize, usikilizeni Ushanga."

Alikuwa amesema hivyo, na kwa fahari. Aliwakusudia wale wanaojibiwa ndiyo za uoga wakazichukua kuwa ridhaa. Haikumpitikia kwamba mtu angeitumia kauli hiyohiyo kuitupa hapana ya kweli.

"Ndahani," akasema polepole, "kuna siku umemuuliza? Siyo Ushanga. Yeye."

Ndahani alifikiri. "Sikuona haja," akajibu, na uso ukaanza kumbadilika, kama mtu anayesikia harufu ya kuungua asijue inatoka wapi.

* * *

Kikao kilikaa asubuhi. Bi Stamili alikuwa mwenyekiti, na pembeni yake mwanasheria wa kampuni, Bwana Kisinza, mtu wa sauti tamu. Koku aliketi upande mmoja wa meza, amefunga kilemba safi, Ndahani upande wa pili. Tusekile aliitwa.

Alikuwa ameamua alfajiri, akioga. Kwa Koku uongo ulikuwa mzuri, kwa wafagizi ulikuwa mzuri, hata kwake mwenyewe. Lakini kila alipojaribu kuutamka kichwani, aliona lile tabasamu la Felista.

"Ushanga wa Kokushubila ni mzima," akasema. "Tatizo liko kwenye Ushanga wote. Hautofautishi hofu na hamu pale anayeogopa anapokuwa hana pa kukimbilia. Nilikosea nilipoubuni. Kijani si ridhaa."

Stamili akafumba macho.

Kisinza aliweka kalamu chini taratibu. "Mhandisi, ili tuelewane. Kwa hiyo tusiutumie Ushanga kama ushahidi dhidi ya malalamiko ya binti huyu."

"Ndiyo."

"Na kama hauwezi kusoma hofu sawasawa, tusiutumie pia kama ushahidi dhidi ya mtu mwingine yeyote. Aliyefinywa huenda alifinywa bure."

"Mwekundu ni kitu kingine. Mwekundu hauko hivyo, mwekundu..."

"Umesema Ushanga wote, Mhandisi. Nimeyaandika maneno yako."

Tusekile alimwangalia Stamili, lakini Stamili alikuwa anatazama meza.

"Basi tunauweka kando," Kisinza akasema, akamgeukia Koku kwa upole. "Binti, tumebaki na neno lako na la Meneja. Kulikuwa na mtu mwingine chumbani?"

"Tulikuwa wawili."

"Ulipiga kelele?"

"Hapana. Nilimwambia naomba uniache."

"Kabla ya hapo ulitabasamu. Umesema mwenyewe."

Koku akagusa pembeni ya mdomo wake.

"Bwana Ndahani, alikuambia umwache?"

Ndahani alikuwa ameinamia mikono yake. Jana, akiwa na Ushanga wa kumlinda, ukweli haukumgharimu kitu. Sasa ulikuwa unamgharimu kazi na jina. Tusekile alimwona akimtafuta Koku kwa macho, akashindwa kumfikia, akayashusha tena.

"Sikumbuki aseme hivyo," akasema.

"Ndahani!" Tusekile alikuwa ameshasimama. "Jana jioni uliniambia. Ulisema alikuambia!"

"Mama alinielewa vibaya."

"Sikuelewa vibaya. Alitamka."

"Nani mwingine alikuwepo kantini, Mhandisi?" Kisinza akauliza. "Aliyewasikia?"

Tusekile akafungua kinywa. Meza za jirani zilikuwa tupu. Aliketi tena, na kwa mara ya kwanza maishani alijua jinsi ilivyo kuwa na ukweli mkononi usiwe na pa kuuweka.

Malalamiko yakafungwa kwa kukosa uthibitisho. Uhamisho wa Koku ulifutwa, kwa kuwa sasa haikujulikana kama uhusiano ulikuwepo au haukuwepo. Angerudi chumba cha anga, chini ya Meneja Ndahani.

* * *

Tusekile alimkuta kwenye maegesho, nje ya geti, akisubiri gari la kumpeleka stesheni ya treni. Alikuwa amevua kilemba. Shingo yake ilikuwa wazi, na pale Ushanga ulipokaa ngozi ilikuwa na alama ndogo ya mduara.

"Nitaenda na wewe mahakamani," Tusekile akasema. "Nitalipa wakili mimi mwenyewe. Nitasema niliyosikia."

"Wataniuliza lilelile, Mama." Hakuwa na hasira. Hilo lilikuwa gumu zaidi. "Bi Stamili ameniita baada ya kikao. Ameniambia kulikuwa na njia nyingine. Kwamba ungeweza kusema ni wangu tu."

"Ingekuwa uongo, Koku. Na wengine wangeendelea kuumia. Felista..."

"Najua. Labda ningekubaliana na wewe." Akalitazama lile vumbi. "Huenda ningesema, Mama, sema kweli, potelea mbali, nitabeba. Nafikiri ningesema hivyo. Sijui sasa, sitajua tena. Ungeniuliza tu."

Gari likafika. Aliingia na begi lake moja, akafunga mlango kwa utaratibu. Kule juu tai walikuwa wamepaa, wakiongozwa na mkono mwingine, na wingu dogo lililokuwa limeanza kukusanyika upande wa Chamwino likapasuka vipandevipande, likaisha.

* * *

Ushanga ulikusanywa katika wiki hiyohiyo, kwa agizo la wanasheria. Watu walijipanga na kuuvua, wengine wakitania. Wanawake wengi hawakutania. Ndahani hakuadhibiwa. Aliomba kuhamishiwa kituo cha Singida, akaondoka bila kuaga, na zile karanga zikakoma. Felista alimpita Tusekile ukumbini kama mtu asiyemjua. Rufaa zilianza kumiminika za wote walioadhibiwa kwa ushahidi wa Ushanga, na Kisinza alizikubali moja baada ya nyingine, kwa kuwa hakuwa na hoja ya kuzikataa. Bi Stamili akachapisha kanuni za maadili na kuzibandika ukutani karibu na lifti. Hakuongea na Tusekile tena ila vikaoni, na kwa cheo.

Kisha mchana mmoja kantini, Tusekile akiwa peke yake mezani na chai iliyopoa, kelele za watu zikapungua ghafla. Wafagizi wawili waliokuwa wanaingia waligeuza njia, wakashikana mikono, wakatoka.

Mwanamume mnene aliyevaa koti jipya la stoo alikuwa anakuja moja kwa moja kwake, anatabasamu.

"Mama Mhandisi! Wamenirudisha. Leo ndiyo naanza." Malekela akavuta kiti bila kukaribishwa, akaketi karibu kuliko ilivyohitajika. "Nilisema lazima nije nikushukuru kwa mdomo wangu. Bila wewe tungekufa na aibu ya bure. Umetusafisha, Mama. Mungu akubariki sana."

Akanyoosha mkono.

Tusekile hakuutoa wake. Ulikuwa mezani, kando ya kikombe, na alijaribu kuuondoa, lakini mwili wake wote ulikuwa umekauka. Watu walikuwa wanaangalia. Alihisi midomo yake mwenyewe ikijivuta, polepole, bila ridhaa yake, kuwa tabasamu.

Malekela akaucheka unyamavu ule. Akauokota mkono wake pale mezani, akaufunika kwa viganja vyake viwili vyenye joto, akautikisa, na hakuuachia.

"Hapana," Tusekile akasema.

"Aa, Mama," akasema Malekela, "usione haya."